Hela ya mlinzi imemlipa wakili wa mwenyekiti, tufanyeje?

"Habari za kazi. Sisi tupo Dodoma upande wa Ihumwa, tumejenga kwenye viwanja vya kupimwa na tuna chama chetu cha wakazi, kaya kama 60 hivi. Kila nyumba inachanga elfu 40 kwa mwezi, ni ya walinzi, taka, taa za barabarani na greda la kuchonga barabara mvua zikiisha. Mwaka juzi jirani mmoja alijenga ukuta ukaingia eneo la wazi, chama kikafungua kesi. Baadae huyo jirani akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba mwenyekiti anakula hela zetu, aonyeshe stetimenti ya benki. Mwenyekiti akamfungulia kesi ya kumchafulia jina. Juzi kwenye kikao mhazini kasoma 'gharama za kisheria' milioni 11 na laki 4, hamna mchanganuo. Walinzi wanadai miezi miwili na greda halijaonekana. Tukiuliza tunaambiwa katiba inaruhusu viongozi kulinda maslahi ya chama. Wengine wanasema ni wizi twende polisi au TAKUKURU, wengine wanasema tusichange tena. Hii ni halali kweli? Na jirani yetu tunamsaidiaje maana naye kaletewa samansi?"

Pole sana ndugu yangu. Nikipiga hesabu ya haraka, kaya 60 kwa elfu 40 ni milioni 2 na laki 4 kwa mwezi, kwa hiyo hiyo milioni 11 na laki 4 ni karibu miezi mitano ya michango ya mtaa mzima, si hela ya kusomwa kwa mstari mmoja halafu watu waambiwe tuendelee na ajenda nyingine.

Ila kabla hatujafika kwenye wizi au si wizi, naona shida kubwa ya vikao vyenu ni kwamba mnabishania kesi mbili kama vile ni moja. Mwenyekiti akisimama anatetea ile ya ukuta, nyie mnamshambulia kwa ile ya jina lake, kila upande una haki kwenye kesi yake na kikao kinaisha kwa kelele. Mhazini naye kaziweka zote kwenye fungu moja, sijui ni kwa kutokujua au ni kwa makusudi, lakini mradi zimekaa pamoja hamtapata jibu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa mtakachodai ni hiyo namba ikatwe vipande viwili: kesi ya ukuta shilingi ngapi, kesi ya jina shilingi ngapi.

Sasa kwa nini zinatofautiana. Mchango ukishatoka mfukoni kwako unakuwa mali ya chama, na viongozi wanaishika kwa niaba yenu kwa kazi zile zilizokubaliwa. Mwenyekiti ni wakala wenu tu, hawezi kuitumia kwa jambo lake hata kama jambo hilo limemkuta akiwa kwenye kazi ya chama. Heshima ya mtu ni yake mwenyewe, ikichafuliwa yeye ndo anaumia na yeye ndo anadai. Mkitaka kumbana bila matusi muulizeni swali moja tu mbele ya kikao: mheshimiwa, ukishinda hiyo kesi na jirani akaamriwa akulipe fidia, hela inaingia akaunti ya chama au inaingia kwako? Akisema kwangu, basi na wakili ni wa kwake. Akisema ya chama, muulizeni ni kikao gani kiliamua chama kishtaki, na kwa nini kwenye hati ya madai mdai kaandikwa jina lake yeye na si la chama. Na swali la pili linalofuata hapo hapo, akishindwa na mahakama ikaamuru alipe gharama za jirani, maana kwa kawaida anayeshindwa ndo anabebeshwa gharama, nani atalipa?

Lakini nisieleweke kwamba kiongozi akishikwa na kesi basi apambane peke yake siku zote, hapana. Mfano mkutano mkuu umeamua mvunje mkataba na kampuni ya taka, mwenyekiti kasaini barua, kampuni ikamshtaki yeye kwa jina. Hapo chama kinapaswa kumbeba mpaka mwisho kwa sababu alikuwa anatekeleza mlichomtuma, na msipombeba hakuna mtu atakubali uongozi tena mtaani kwenu. Tofauti ni kwamba huyu wenu hakushtakiwa, yeye ndo kaenda kushtaki, tena kashtaki mwanachama aliyeuliza habari za hela, kwa hela ya huyo huyo mwanachama. Jirani anachangia wakili wa kumshtaki yeye mwenyewe! Mimi kwa maelezo yako hii ya jina naona haina mlango wa kutokea, hata ule wa katiba.

Kuhusu katiba. Hicho kifungu cha "kulinda maslahi ya chama" kipo karibu kila katiba ya chama, ni maneno ya jumla ya malengo. Kinasema chama kipo kwa ajili ya nini, hakisemi mwenyekiti anaweza kuchukua hela kiasi gani bila kuuliza. Nyie tafuteni vifungu vingine, kile cha fedha (nani anaidhinisha matumizi, kiasi gani kinahitaji mkutano mkuu, bajeti inapitishwa lini), kile cha mamlaka ya kamati tendaji, na kile kinachosema mkutano maalum unaitishwa na wanachama wangapi. Kama viongozi wanaficha katiba, na chama kimesajiliwa kama jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, katiba iko kwenye jalada lenu kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na bahati nzuri nyie Wizara iko hapo hapo Dodoma, hata nauli haitawasumbua. Kuna vyama vingine vimesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, kama kampuni isiyo na hisa, hapo nyaraka ziko BRELA. Na kwa wale wa maghorofa wenye hati za sehemu ya jengo, wana sheria yao ya mwaka 2008 inayounda umoja wa wamiliki, mambo yao yanaenda tofauti kidogo. Inawezekana pia, na hii ipo sana, kwamba chama chenu hakijasajiliwa popote, ni grupu, muhuri na akaunti ya benki yenye majina ya watu watatu. Hata hapo haki yenu haijafa, hela imetolewa kwa kazi maalum na aliyeishika anawajibika kuieleza, ila njia inakuwa ndefu.

Tuje kwenye ukuta. Hii kesi inaweza kuwa halali kabisa, eneo la wazi ni la wote na mkinyamaza leo kesho linajengwa fremu. Ila na yenyewe ina maswali yake ambayo nadhani hakuna aliyewauliza. La kwanza, eneo la wazi kwenye mchoro wa mipango miji si mali ya chama, liko chini ya mamlaka ya upangaji, na kwenu mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Zamani Dodoma mambo ya viwanja yalikuwa kwa CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikavunjwa 2017, majukumu yakahamia halmashauri, kwa hiyo kama mchoro wenu ni wa enzi za CDA bado mnaupata jijini. Jiji lina uwezo wa kumpa mtu notisi ya kubomoa alichojenga kinyume na mpango, nyie kazi yenu ya kwanza ilikuwa barua kwa Mkurugenzi wa Jiji yenye nakala kwa mipango miji, na picha za ukuta. Barua haina gharama. Muulizeni mwenyekiti kama ilishaandikwa, na kama iliandikwa jibu liko wapi.

La pili, chama kimeshtaki kwa jina gani? Jumuiya iliyosajiliwa tu bila wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, inapata shida kusimama mahakamani kwa jina lake, kawaida wanaoshtaki ni bodi ya wadhamini. Na migogoro ya ardhi kabla ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inabidi ipite kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi, tangu mabadiliko ya 2021 Kata haiamui tena, inasuluhisha tu, ikishindikana ndo mnasonga mbele. Ukiruka hizo hatua upande wa pili analeta pingamizi la awali, kesi inaondolewa bila hata ukuta kutajwa, mnaanza upya na wakili analipwa upya. Hela nyingi za vyama zinaishia hapo kuliko hata kwenye mifuko ya viongozi, niamini mimi.

Sasa nyaraka. Msiombe "mchanganuo" kwa mdomo maana mtaletewa karatasi moja iliyochapwa jana usiku. Ombeni kwa barua, vitu kwa majina yake: makubaliano na wakili, ankara zake, risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), vocha za malipo, stetimenti ya benki ya kipindi chote, na mihtasari ya vikao vilivyoidhinisha. Mkipata, kaeni watu wawili watatu wenye subira, mmoja awe anajua kidogo hesabu, muangalie taratibu. Ankara imeandikwa kwa nani, chama au mwenyekiti kwa jina? Inataja kesi namba ngapi? Tarehe ya muhtasari iko kabla ya malipo au baada? Mkikuta hela imetoka benki mwezi wa pili na muhtasari wa kuidhinisha ni wa mwezi wa tano, hapo kuna maelezo yanatakiwa. Angalieni na orodha ya mahudhurio, piga simu kwa waliotajwa uwaulize kama kweli siku hiyo walikuwepo. Halafu hela iliyotolewa taslimu "kwa ajili ya wakili" bila risiti ya EFD, hiyo weka pembeni peke yake kabisa. Kwa kesi yenyewe, mtu anaweza kuomba masjala ya mahakama kukagua jalada kwa kulipa ada ndogo, ukurasa wa kwanza tu wa hati ya madai utawaambia mdai ni nani.

Wakili naye msimsahau. Aliyelipwa na chama, mteja wake ni chama, hawezi kutumia hela ya chama kumpigania mtu binafsi dhidi ya mwanachama wa chama hicho hicho bila maswali ya maadili. Mwandikieni kwa heshima kumuuliza anamwakilisha nani kwenye kesi ipi. Wengi wakipata barua ya hivyo wanajipanga haraka, asipojipanga ipo Kamati ya Mawakili inayopokea malalamiko. Kama mnamtilia shaka hata uwakili wake, jina lake mtalitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Polisi na TAKUKURU. Naelewa hasira, ila mkienda leo na hicho mlichonacho, polisi watawaambia hili ni la madai rudini mkamalizane, na hawatakuwa wamekosea sana. Wizi unataka udanganyifu, mtu aliyelipa waziwazi, kwa vocha, mhazini akasoma kikaoni, huku akiamini katiba inamruhusu, ni vigumu kumfunga hata kama hakuwa na mamlaka hayo. Atawajibika kurudisha, hilo ni jambo lingine. Mambo yanabadilika mkikuta muhtasari wa kughushi, saini za watu ambao hawakuwepo, risiti feki, au hela iliyoandikwa ya wakili kumbe wakili hajawahi kuiona. Hapo ni jinai, nendeni polisi na nakala mkononi. TAKUKURU watawasikiliza, lakini makosa ya ufujaji kwenye sheria yao ya 2007 kwa sehemu kubwa yanamlenga mtumishi wa umma na mali ya umma, chama cha wakazi hakiingii humo kirahisi. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa vile najua mtamfikiria, hana mamlaka ya kumfukuza mwenyekiti wa chama wala kugusa akaunti, anaweza kuwakalisha chini mkaongea na hilo lina faida yake.

Kuacha kuchanga ndo ushauri mbaya kuliko yote, samahani kwa aliyeutoa. Kwanza katiba nyingi zinasema asiyelipa si mwanachama hai, na asiye hai hapigi kura wala hahesabiki kwenye wanachama wa kuitisha mkutano. Yaani mnajitoa wenyewe uwanjani, wanaobaki na kura ni marafiki wa mwenyekiti. Pili anayeumia ni yule mlinzi anayedai miezi miwili, yeye hajamshtaki mtu. Lipeni, lakini kwa benki na si mkononi, na muandike barua kwamba mnalipa huku mkipinga matumizi ya kisheria yasiyoidhinishwa.

Mimi ningekuwa mtaani kwenu ningeanza na barua ya kuomba nyaraka, isainiwe na watu wengi iwezekanavyo, ipelekwe kwa katibu na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, akikataa kugonga mtumieni kwa EMS ya posta mbaki na risiti. Muwape siku 14. Kimya kikiendelea, itisheni mkutano maalum kwa idadi ambayo katiba inataka, na ajenda iandikwe wazi kabla maana maazimio ya jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda yanapingwa kirahisi. Kwenye mkutano msianze na kumng'oa mtu, najua inatamanisha. Anzeni na maazimio yanayofunga mfereji: hakuna malipo ya wakili bila mkutano mkuu kuanzia leo, hela ya walinzi ilipwe kwanza, hesabu zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, asiye ndugu wala jirani wa mtu, na gharama zote za kesi ya jina zirudishwe na mwenyekiti kwa mpango wa maandishi, hata kama ni kwa awamu. Watia saini wa benki mkiwabadilisha, benki itataka muhtasari uliosainiwa na barua rasmi, na ikisikia kuna mgogoro inaweza ikaisimamisha akaunti nzima, kwa hiyo hakikisheni mishahara ya walinzi imetoka kabla hamjagusa hilo.

Kesi ya ukuta msiifute kwa hasira siku hiyo hiyo. Kuifuta kunaweza kuwaletea gharama za upande wa pili. Mwiteni wakili aje aeleze mkutanoni imefika wapi na imebaki kiasi gani, halafu ndo muamue.

Mahakamani nyie kama wanachama ni hatua ya mwisho, na nitawaambia kwa nini. Mkikishtaki chama, chama kitajitetea kwa hela yenu, mtalipa mawakili wa pande zote mbili. Ikibidi, mnaowalenga ni viongozi waliosaini, kwa majina yao, chama kikiunganishwa tu ili amri ikifunge, na mnaomba warudishe hela na zuio la muda la kutumia akaunti kwa kesi binafsi. Watu wengi wenye maslahi yaleyale wanaweza kuwakilishwa na wachache, lakini mahakama itoe kibali kwanza. Pimeni pia kiasi: kama kesi ya jina imekula milioni 3 tu kati ya hizo 11, kesi ya kuzidai inaweza ikala zaidi, na azimio la mkutano lililosainiwa mbele ya macho ya watu lingewapa matokeo hayo hayo.

Huyo jirani mwenye samansi ndo wa haraka kuliko nyie wote. Kama kesi iko Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ana siku 21 tangu alipopokea kuwasilisha utetezi wa maandishi, zikipita kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Asisubiri mkutano wenu. Kuuliza stetimenti kwenye grupu la wanachama pekee ana hoja nzuri, mwanachama anaongea na wenzake kuhusu hela yao, sheria inatoa kinga kwa mawasiliano ya namna hiyo kama hayakuwa na nia mbaya. Ila yale maneno "anakula hela" ni tuhuma ya wizi, hapo atatakiwa alete ushahidi au aeleze vizuri alimaanisha nini, na nyaraka mnazozitafuta nyie zinaweza zikawa ushahidi wake. Asifute ujumbe wake, apige skrinshoti ya mazungumzo yote, ya juu na ya chini yake. Na wengine humo kwenye grupu mpunguze mkwara, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, msije mkawa washtakiwa sita badala ya mmoja.

Akiwa hana uwezo wa wakili, kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, pia wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata, aulize ofisi ya maendeleo ya jamii au pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Dodoma. Nyie kama kundi tafuteni wakili wenu wa kukaa naye ana kwa ana mkiona moja ya haya: saini za kughushi, akaunti inakaushwa haraka haraka, au mmoja wenu katishiwa kesi nyingine kwa kusaini hiyo barua. Mwende na katiba, samansi na stetimenti, na gharama ya huyo wakili mchangie pembeni, isitoke kwenye akaunti ya chama hata shilingi.